Kupwelewa Callisto: kisa cha kulinda mfumo wa Jua, kilivyopigwa barazani Lamu

Meli 40 za wavamizi ziliwasha moto wa kusimamia zikiwa zingali mbali nasi mara 3,340 ya masafa ya Dunia na Jua. Mwanga wa moto ule ulichukua siku 19 kutufikia. Tangu tulipouona hadi wao kuwasili ilikuwa miaka mitatu na ushei, muda ambao jeshi lolote lingeuombea dua, na bado tulishindwa vibaya. Nataka ieleweke tulishindwa wapi, na kwa nini jawabu lilitoka kwa mzee ambaye hajasoma hadithi hata moja ya vita vya angani.

Kisa chenyewe ni mchezo wa karatasi. Tulikuwa tukikutana baada ya isha kwenye baraza moja mtaa wa Mkomani, Lamu. Mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwanamke mwenye subira ya mvuvi, alishika upande wa wavamizi. Mimi na vijana wawili tulikuwa walinzi. Fundi wa mashine za boti alikuwa mwamuzi, kikokotoo cha simu mkononi. Mwenye baraza ni nahodha aliyekwisha kustaafu; alikuwa akikaa pembeni na kahawa yake, akisikiliza.

Sheria ilikuwa moja: hakuna uganga. Hakuna meli inayoupita mwanga, hakuna ngao ya nuru, hakuna chombo kutoweka hapa na kuzuka kule. Kila meli ibebe mafuta yake, na kila chenye joto kionekane, kwa sababu anga lenyewe lina baridi ya nyuzi chini ya 3 tu juu ya sifuri kamili na chombo chenye watu ndani hung'aa humo kama taa ya karabai usiku wa giza. Hadithi nyingi za uvamizi huwapa wageni karama zisizo na bei, kisha mlinzi hubaki na ushujaa peke yake. Mimi hilo huniuma, kwa sababu utamu wa jambo hili umo ndani ya hesabu zake.

Wavamizi walitoka Proxima, nyota iliyo jirani kuliko zote ukiliondoa Jua, umbali wa miaka ya mwanga 4.24. Walikuja kwa kilomita 10,000 kwa sekunde, asilimia 3 na kidogo ya kasi ya mwanga, kwa hiyo safari yao ilikuwa ya miaka 127 hivi. Kila meli ilikuwa na uzito wa tani 100,000 ilipoanza kusimama, na ilikuwa ikipunguza kasi kwa sentimita 10 kwa sekunde, kila sekunde. Sisi tulikuwa na meli 100, kila moja ikiweza kufikia kilomita 100 kwa sekunde na kusimama tena. Watu wetu walikuwa Duniani, Mirihi, kwenye sayari kibete Ceres, kwenye mwezi Callisto wa Mshtarii na mwezi Titan wa Zohali.

Ukuta

Tulichofanya usiku wa kwanza ndicho ambacho karibu kila mtu angefanya. Tulijenga boma. Tulizitawanya meli zetu 100 kuuzunguka mfumo wote kwenye masafa ya Neptuni, sayari ya mbali kuliko zote, mara 30 ya masafa ya Dunia na Jua (kipimo hicho nitakiita masafa ya Jua), pande zote, juu na chini, maana mgeni wa angani halazimiki kuja kwenye bapa la sayari. Kwenye karatasi lilipendeza.

Fundi alikokotoa kimya kimya, kisha akatusomea. Duara kama lile lina eneo kubwa kiasi kwamba meli moja ingekuwa mbali na mwenzake kilomita bilioni 1.6. Ukimwita jirani kwa redio, wito unafika baada ya saa moja na nusu. Akiitika na kung'oa nanga papo hapo, anakufikia baada ya miezi sita. Kwa hiyo hatukuwa na boma. Tulikuwa na walinzi 100 wa peke yao, kila mmoja akilinda nyika.

Mwalimu alizipitisha meli zake zote 40 katika sehemu moja. Meli yetu iliyokuwa hapo haikupata hata kupigana. Chombo kinachosimama angani hukigeuza kisogo chake kule kinakokwenda, na moto wake unatangulia mbele. Injini ya kila meli ya wale ilikuwa hapo ingali ikitoa nguvu ya terawati 20 hivi (wati trilioni 20), karibu sawa na nishati yote wanadamu wanayotumia leo. Mlinzi aliyesimama mlangoni aliunguzwa na breki za mgeni.

Baada ya hapo walitua Callisto, wakachimba barafu, wakajaza matangi kwa miezi 14, na sisi tukiwa tunakusanya meli zetu kutoka pembe zote za mfumo. Tulizipeleka tano tano, kumi kumi, jinsi zilivyowasili. Ziliuawa hivyo hivyo. Tangi lao lilipojaa hazikutubakia hata meli 30, na wao waliweza kwenda popote. Mchezo ukaisha.

Vijana wangu walidhani kosa lilikuwa kupeleka meli kidogo kidogo. Ni kosa, lakini ni la mwisho. La kwanza lilikuwa kuamini kwamba mfumo wa sayari una mpaka. Hauna. Una visiwa vichache sana ndani ya bahari kubwa mno, na anayelinda bahari hiyo yote hakilindi kisiwa hata kimoja.

Mchanga, mara ya kwanza

Usiku wa pili kijana mmoja alikuja na wazo lililotusisimua. Kwa kasi ya kilomita 10,000 kwa sekunde, kilo moja ya kitu chochote ina nguvu ya kilotani 12 (tani 12,000) za baruti ya TNT, haiko mbali na bomu la Hiroshima. Basi kwa nini tusimwage mchanga njiani? Wageni wagongane nao wenyewe kwa kasi yao wenyewe.

Wazo hili ni zuri na nililitetea sana, kwa hiyo nieleze kwa nini halikufaa. Mchanga unaorushwa kutoka Neptuni kwa kasi yetu huwakuta baada ya mwaka, wakiwa masafa 50 ya Jua. Hapo wao wamekwisha kupungua hadi kilomita 1,220 kwa sekunde. Bado chembe ya gramu moja ingewapiga kama kilo 200 za TNT. Lakini mwalimu aliuliza swali moja tu: je, mnajua nitapita wapi? Akitumia sehemu moja kwa mia ya nguvu ya injini kujisogeza pembeni kwa siku 10, anahama karibu kilomita 370,000, kama umbali wa Dunia na Mwezi. Ili kuifunika nafasi yote anayoweza kuwamo kwa gramu moja kila mita 100, tungehitaji tani milioni 44 za mchanga. Na moto wake unaotangulia ungezipuliza chembe nyingi kabla hazijamfikia.

Silaha isiyojua shabaha yake itakuwa wapi ni bure, hata ikiwa na nguvu kiasi gani. Tuliuandika mchanga kwenye karatasi ya mambo yaliyoshindikana, tukauacha hapo.

Wanwa nini wakifika?

Usiku wa tatu ndipo nahodha alipozungumza. Aliuliza, kwa Kiamu chake: "Hao wageni wenu, wanwa nini wakifika?" Yaani, wanakunywa nini.

Mwalimu alicheka kwa furaha, maana yeye alikuwa akilijua swali hilo tangu mwanzo na akisubiri tuliulize. Ili kuondoa kasi ya kilomita 10,000 kwa sekunde, meli zake zinachoma kama asilimia 63 ya uzito wao. Kila moja inafika na tani 37,000 tu kati ya 100,000, na matangi makavu. Akiba yake ilikuwa ya kubadili kasi kwa kilomita 5 kwa sekunde, basi. Kujinasua kwenye mvutano wa Mshtarii kutoka masafa ya Callisto kunataka karibu kilomita 3.4 kwa sekunde, na hapo bado hujaenda kokote.

Nahodha akaendelea, akinyoosha mkono upande wa Shela, kijiji jirani na mji wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Mazrui, watawala wa Mombasa, na washirika wao wa kisiwa cha Pate yalishuka ufukoni Shela kuipiga Lamu. Kila mtoto wa Lamu amesimuliwa. Walipozidiwa walirudi mbio vyomboni, wakakuta maji yamekupwa na vyombo viko juu ya mchanga. Waliuawa pale pale ufukoni, na vizazi kadhaa baadaye upepo ulikuwa bado ukifunua mifupa kwenye vilima vya mchanga. "Hawakupigwa ndiani," alisema, yaani njiani. "Waliatwa wakashuka. Bahari ndiyo iliyowafungia mlango."

Mimi nimeipita Shela maelfu ya mara na sikuwahi kuiona hivyo. Chini ya vilima vile vya mchanga ndimo yalimo maji matamu ambayo mji wa Lamu unakunywa. Mvamizi ashukaye Shela anashuka penye kisima. Hana budi. Na akishashuka, yuko chini ya amri ya maji kujaa na kupwa, wala si amri ya jemadari wake.

Neno letu kwa hali hiyo ni kupwelewa. Chombo kilichopwelewa hakijavunjika, hakijazama, mabaharia wake wazima na silaha zao zipo. Kitu kimoja tu kimekosekana: hakiwezi kuondoka. Ulinzi wetu wote ulipaswa kuanzia kwenye neno hilo.

Kusoma moto

Tulipoanza upya tuliuangalia moto wa breki kwa jicho jingine. Meli zikipunguza kasi kwa kiwango kisichobadilika, kasi waliyobaki nayo inakuambia watasimama wapi. Moto wao ni barua inayotaja anwani. Mwanzoni anwani ni ya mkoa mzima, kwa sababu bado wanaweza kupinda. Kadiri siku zinavyopita mkoa unakuwa mtaa, na mtaa unakuwa nyumba.

Fundi alitupigia hesabu hiyo kwa masharti kwamba wageni wanaweza kuelekeza pembeni sehemu moja kwa kumi ya nguvu zao. Siku 141 kabla ya kuwasili bado waliweza kuhama masafa 5 ya Jua, yaani waliweza kuacha Mshtarii na kuchagua Zohali ikiwa sayari hizo ziko upande mmoja. Siku 60 kabla, hawakuweza kuhama hata masafa moja ya Jua. Hapo walikuwa wamekwisha kufunga ndoa na Mshtarii. Kwetu siku ile ya 60 ndiyo saa ya maji kuanza kutoka.

Macho ya kuusoma moto huo si ndoto, na pwani yetu ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini la Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Mvuke wa injini wenye joto la kusimamisha meli za nyota ungeonekana kwa macho ya aina hiyo. Katika mchezo tuliwapa walinzi darubini za namna hiyo kila penye watu, na sikuona kwamba tunajipendelea.

Tatizo ni kwamba wao nao wanatuona. Tukikusanyika Callisto mapema, wanapinda kwenda Zohali. Kwa hiyo tulizikusanya meli zetu katikati, baina ya Mshtarii na Zohali, tukatulia. Mwaka wa mchezo wetu sayari hizo mbili zilikuwa upande mmoja wa Jua, kama zilivyokaribiana Desemba 2020, na baina yao palikuwa na masafa 4.3 ya Jua. Kutoka katikati tungefika kokote kwa siku 36 au 37. Nahodha alielewa upesi kuliko sisi: anga nalo lina kaskazi na kusi, na jambo hilo hilo kwa msimu mwingine lisingewezekana.

Siku ya 60 ikapita. Hatukuondoka kwenda kupigana. Tuliondoka kwenda kumwaga mchanga.

Hapa ndipo karatasi ya mambo yaliyoshindikana ilipotolewa tena. Mchanga ulishindwa dhidi ya meli inayokimbia. Lakini mgodi wa barafu haukimbii. Wavamizi walihitaji tani milioni 2.5 za mafuta kwa meli zote, karibu tani 6,000 kwa siku kwa miezi 14, na mitambo ya kazi kama hiyo ikishasimikwa imesimikwa. Callisto haina hewa ya maana ya kuuzuia mchanga. Kwa kilomita 100 kwa sekunde gramu moja inapiga kama kilo 1.2 ya TNT, na kilo moja kama tani 1.2. Tuliuachia mchanga tukiwa mbali na Callisto kwa masafa 3 ya Jua, safari ya siku 52, ukiwa baridi, hauna injini, hauna mwanga. Ukiuacha utengane kwa milimita moja tu kwa sekunde, unawasili umesambaa kilomita 4.5 kila upande kutoka katikati, kiasi cha kuufunika mgodi.

Mgodi ulipigwa mwezi wa tatu. Mwalimu alijenga mwingine, ukapigwa. Alizihamisha meli zake kwenye mzingo wa juu zaidi, akachoma akiba. Mwezi wa kumi alikuwa na meli 40 nzima kabisa, zenye silaha zote, na hazina uwezo wa kutoka Mshtarii. Tulikuwa tumepoteza meli 11. Fundi alitangaza kwamba mchezo umekwisha, na kwa mara ya kwanza nahodha aliagiza kahawa ya watu wote.

Watu 10,000

Ningependa kusimamia hapo, lakini kisa hakikuwa kimekamilika. Binti wa mwenye baraza, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe, aliuliza: "Na wale waliokuwa wakiishi Callisto?"

Karatasi yetu ilisema watu 10,000. Hatukuwahamisha. Tuliwaacha wavamizi washuke juu ya vichwa vyao, kisha tukaumwaga mchanga hapo hapo. Niliona haya kubwa, na sijaimaliza bado. Kumwacha adui ashuke ni ulinzi mzuri kwa yule asiyeishi pale anaposhukia.

Tulirudi nyuma tukakokotoa. Miaka mitatu ilitosha. Meli 100, kila moja ikichukua watu 50, zingewahamisha wote kwa safari mbili hadi Ceres, hata Ceres ikiwa mbali, na zingebaki na zaidi ya mwaka kufika kwenye kituo chake. Lakini hesabu hiyo inataka uanze mapema, kabla hujajua kama wageni wanakuja Mshtarii au Zohali, kwa hiyo unahamisha kote kuwili, na unaacha mji ambao huenda usiguswe. Kijana mmoja alisema watu wangekataa kuondoka. Naamini wengi wangekataa. Kwa maoni yangu hapa ndipo kwenye ulinzi wenyewe, na mwandishi wa hadithi za aina hii anayeanza na meli badala ya kuanza na hawa ameanza katikati.

Kuna swali la mvamizi asiyetaka kusimama, anayepita tu na kutupa mawe kwa kasi ya kilomita 10,000 kwa sekunde. Dhidi ya huyo sikuona ulinzi wowote wa kuandika. Lakini huyo hataki nchi, anataka kuua, na kisa chetu ni cha uvamizi.

Mara ya tatu mwalimu alichagua Titan. Alitufikiria vizuri. Titan ina hewa nzito kuliko ya Dunia, na mchanga wetu uliungua wote huko juu kama vimondo. Pia alichagua mwaka ambao Mshtarii na Zohali ziko pande mbili za Jua, karibu masafa 15 mbalimbali, ikabidi tuligawe jeshi. Safari hii tuliwahamisha watu, ila 1,400 walikataa.

Tulipoahirisha ilikuwa mwezi wa sita wa uchimbaji wake. Mgodi hatuufikii. Lakini mafuta lazima yapande kutoka ardhini hadi kwenye meli zilizoko juu, na yanapandishwa na mashua ndogo, moja baada ya nyingine, njia ile ile, kama mashua zinavyopakia jahazi lililotia nanga nje ya mkondo. Juu ya hewa mchanga unafanya kazi. Mashua moja ikipasuka imejaa, mabaki yake yanaanguka, na makazi ya wale 1,400 yako chini ya njia hiyo. Karatasi iko kwa fundi. Zamu ni yetu.